Mwaka Ambao Bosco Alikataa Bukari

Watu wa kilio ni waongo, na wabaya kuliko wote ni wale wanaopewa nafasi ya kusema. Siku tulipomzika mume wangu, vijana wa banda lake la vyuma walisimama mmoja baada ya mwingine, wamevaa fulana zenye picha yake, vifua vimewatoka mbele, wakaanza kunisimulia mimi, mimi niliyempikia maisha yangu yote ya ukubwa, Bosco alikuwa mtu wa namna gani. Kwamba Papa Bosco alikuwa mtu wa nidhamu. Kwamba tangu ujana wake alichagua programu moja ya mazoezi na hakuiacha. Kwamba watu wa Kolwezi walimnyima kazi kwa wivu na ukabila, maana mwili kama ule haukuwahi kuonekana hapa Kamina. Nami nimekaa kwenye mkeka, miguu imevimba, kichwa kimefungwa kitambaa, damu inanichemka. Nidhamu gani? Huyu ni mtu aliyebadilisha programu kabla sufuria ya maharagi haijaiva. Na Kolwezi hawakumkataa kwa wivu. Walimkataa kwa sababu ya bukari ya mjomba wangu, ugali kama wengine wanavyouita, na bukari hiyo naijua vizuri, maana nilisaidia kuisonga.

Mwaka wenyewe ni ule niliokaa kwa Tantini, dada mdogo wa mama yangu, nyuma ya stesheni. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na garimoshi likipita vikombe vilicheza kabatini. Jiko lilikuwa nje, chini ya mabati mawili yaliyoegemezwa ukutani, na kwa kuwa ukuta ulikuwa mwembamba, yote yaliyosemwa ndani niliyasikia nikiwa nakoroga sombe, majani ya mihogo. Bosco alikuwa akija Jumapili baada ya misa, kwa baiskeli, kutoka Base, kambi ya jeshi, ambako baba yake alikuwa mwanajeshi. Kwao asili ni mbali, jimbo la Ekwateri. Kiswahili chake kilijaa Lingala, na kwetu sisi Waluba wa hapa hapa, wenye mashamba na makaburi yetu, jambo hilo halikusahaulika hata siku moja. Tantini alimwita “mutoto ya camp” akiwa hayupo. Akiwapo alimwita “mon fils”, mwanangu, na kumpa kiti chenye mgongo.

Bosco alitaka kunioa, nami nilitaka anioe, na kilichokosekana kilikuwa kazi. Bila kazi hakuna mahari. Kazi nayo ilionekana kwa mbali: kampuni moja ya walinzi wa migodi ya Kolwezi ilituma watu wake Kamina kila mwaka kuchagua vijana. Mwaka uliotangulia, yule aliyekuwa akichagua alimshika Bosco bega, akamgeuza mbele na nyuma kama mtu anunuaye mbuzi, akamwambia arudi akiwa na kifua. Nyuma ya Bosco alisimama jamaa mwenye kifua cha kutosha wanaume wawili, lakini alipoambiwa akimbie kuzunguka uwanja wa mpira alikata pumzi mapema, naye akarudishwa kwao. Kwa hiyo Bosco alielewa wanataka nini: pomba mkavu. Pomba, kwetu, ni mtu wa misuli. Mkavu ni yule asiye na tumbo. Alikuwa na mwaka mmoja wa kuupata mwili huo. Na mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu yangu, alisema wazi kwamba zaidi ya mwaka huo hangojei. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Kaniama, mjane, mwenye ng’ombe, aliyekuwa akiniposa. Ng’ombe wale nyumbani tulikuwa tumeanza kuwajua kwa rangi zao.

Basi ungedhani mtu wa namna hiyo angechagua njia moja ya mazoezi na kuishika. Kwanza alikwenda kwa Sajenti. Sajenti alikuwa askari wa Base, mfupi, shingo nene, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na kiwanja cha vyuma: ekseli ya lori la jeshi, vipande vya reli vilivyofungwa waya, makopo ya maziwa yaliyojazwa saruji. Nilifika huko mara moja kumpelekea Bosco viatu, nikamkuta Sajenti ameketi kwenye dumu, anafundisha. “Weye unanyanyua nyepesi, kama mama anaenda kisimani,” alikuwa akimwambia. “Weka ya nguvu. Mara kidogo tu, kisha ukae, upumuzike. Kisha ukule. Chuma haiongezake nyama. Chakula njo inaongeza.” Bosco alisikia neno moja tu katika hayo yote: ukule. Akaja kulila neno hilo kwa Tantini. Jumapili kwa Jumapili nilisonga bukari ya mahindi na mihogo, nikaweka maharagi, nikaweka samaki wakavu, naye akala hadi jasho likamtoka puani. Nikiwa nje nilimsikia Tantini akimnong’oneza jirani, “Huyu mutoto anakula bukari ya bantu tatu, na mahari haionekane.” Kifua kilikuja, sikatai. Mikono ikajaa. Lakini na tumbo likaja, la duara, likikaa juu ya mkanda wake kama mgeni asiyejua kuaga. Nilipomwambia, aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyelileta.

Aliyemtoa kwa Sajenti ni Papi, dereva wa moto-teksi aliyewahi kukaa Lubumbashi na kuingia kwenye ukumbi wa kweli wa mazoezi, wenye vioo. Vioo vile vilimharibu. Alikuwa hawezi kupita dirisha la duka bila kujitazama. Alimkuta Bosco mbele ya nyumba yetu, akamfunua shati bila hata kuniamkia. “Uone tumbo hii. Hii haina ya pomba, hii iko ya chef de quartier,” akasema, yaani ya mkuu wa mtaa. Programu ya Papi ilikuwa kinyume cha ile nyingine: chuma chepesi, unyanyue mpaka mkono utetemeke, asubuhi ukimbie mpaka kwenye njia ya reli na kurudi, mafuta usiguse, ngozi ya kuku usiguse, na saa ya mangaribi, jioni, bukari usiitazame hata kwa jicho. Bosco akaikumbatia yote. Nilianza kumchemshia maharagi bila mafuta, na mchicha wetu, lengalenga, bila karanga, na mayai ambayo alikula ute mweupe na kuacha kiini pembeni ya sahani. Viini vile nilivila mimi, maana kutupa chakula nyumbani kwa Tantini ni kutafuta kesi. Tumbo liliisha, kweli. Lakini na matama yakaisha, macho yakaingia ndani, na kile kifua nilichokilisha kwa mikono yangu kikaanza kuondoka nacho.

Sasa Tantini akabadilisha wimbo. “Bea, weye hauone? Muntu anakonda vile, iko na ugonjwa. Umuulize vizuri.” Majirani nao wakauliza, mmoja baada ya mwingine, kila nikienda kuteka maji. Nikamwambia Bosco arudi kwa Sajenti. Akarudi. Kisha akaona tumbo linachungulia, akakimbilia kwa Papi. Kuna kipindi alifanya zote mbili siku moja, asubuhi vyuma vizito vya Sajenti, jioni vyepesi vya Papi, akaja kwangu amekaa baiskelini mgongo umepinda kama mzee, hawezi hata kuinua kikombe. Siku hiyo uvumilivu uliniisha. Nilikuwa nachambua sombe, nikaweka ungo chini. “Njia mbili zilimushinda fisi,” nikamwambia. “Weye unataka iyi, unataka na ile, mwaka unaisha, na minyi niko naozea hapa kwa jiko. Uchague moja.” Akajibu, kwa ule utaratibu wake uliokuwa ukinitoa roho, kwamba Sajenti anajua nguvu na Papi anajua ukavu, kwa hiyo yeye anatafuta kujua nani ana haki. Nikamwambia mwenye haki ni mwalimu wa Kaniama, maana yeye hatafuti kitu, anangoja tu. Hakuondoka mpaka giza.

Ilikuwa katika ile miezi ya Papi mjomba alipomwita nyumbani kwake, kule mwisho wa mji kwenye barabara ya Kaniama. Ulikuwa mwaliko mkubwa. Mkwe mtarajiwa akiitwa kula, haitwi kwa sababu ana njaa. Mke wa mjomba alichinja kuku, akasonga bukari ikapanda juu ya sahani, laini, moto, akaifunika kwa sahani nyingine. Tulikuwa sebuleni, taa ya mafuta juu ya meza, msalaba ukutani, wazee watatu wa ukoo kwenye viti vya kukunja. Bosco akanawa mikono. Akachukua paja la kuku. Akaanza kumenya ngozi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la maji, nikaomba Mungu anirudishe tumboni mwa mama yangu. Alimenya ngozi yote, akaiweka ukingoni mwa sahani, akala nyama, kisha akanawa tena. Bukari hakuigusa.

Mjomba akamsogezea ile bukari. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. “Bukari yetu iko na nini?” akauliza.

“Haina na kintu, papa,” Bosco akasema, na ninaapa kwamba alitabasamu. “Ni programe tu. Mangaribi sikulake bukari.”

Msomaji wa mbali atasema, hilo nalo ni jambo? Ni jambo. Kwetu nyama ni ya kusindikiza. Chakula ni bukari. Mtu anayeketi kwa wakwe na kukataa bukari anasema kitu kimoja tu, hata akifunga mdomo: anasema mmeitia dawa, mnataka kuniua. Na aliyesema hivyo alikuwa mtoto wa kambi, mtu wa Lingala, ambaye kwao wanakula kwanga, mkate wa mihogo. Mke wa mjomba aliiondoa ile sahani mezani bila kuifunua, akaenda nayo jikoni, na nilimsikia akilia kule nyuma. Mzee mmoja alisimama akachukua kofia yake. Njiani, Bosco akiisukuma baiskeli, mimi nikiwa upande wa pili ili nisimguse, akaniuliza kwa nini wote walinyamaza. Hapo nililia kwa hasira tupu. Nilimweleza mpaka tukafika stesheni, na alipoelewa alitaka kurudi usiku ule ule akaile. Nikamwambia imeshapewa mbwa.

Hukumu ya mjomba ilikuja kupitia kwa Tantini. Bosco arudi, saa sita mchana, mbele ya wazee wale wale, na kile kitakachowekwa mbele yake akimalize. Akimaliza, neno limekwisha, mahari itazungumzwa polepole, hata kama kazi haijapatikana. Asipomaliza, asirudi tena. Ikapangwa siku. Bosco, kichwa chake kigumu, akaomba isogezwe, eti alikuwa katikati ya juma la kukauka. Mjomba alikubali. Lakini alimwita Tantini, nikasikia kila neno kupitia ukuta ule. “Mara moja, nimekubali. Akiomba tena siku ingine, kuku inarudi kwa nyumba yake, na minyi natuma muntu Kaniama.” Tantini akajibu, “Ndiyo, yaya,” kama mdogo kwa kaka yake, na mimi nje nikaunguza maharagi.

Baada ya pale nilimchukua Bosco mimi mwenyewe. Nilimkalisha kwenye kile kiti chenye mgongo na kumwambia kwamba mambo ya nani ana haki yamekwisha, kwamba atanyanyua vizito vya Sajenti siku moja na kukimbia kwa Papi siku ya pili, kwamba atakula bukari mchana kama binadamu, na jioni atakula maharagi na mayai mazima, na kiini pia, kwa sababu mimi nimechoka kula viini. Alikasirika. Alisema hiyo si programu ya mtu yeyote. Nikamwambia ni yangu. Akaifuata, kwa kukosa la kufanya, na ndiyo pekee aliyoifuata bila kubadilisha. Ukweli lazima niuseme: mwili ulikuja. Mabega yalipanuka, tumbo likalala, na matama yakarudi, na siku moja akiwa anachota maji kwa Tantini bila shati, nilisahau nilikuwa nimetumwa chumvi. Sajenti alisema mwaka huu Kolwezi watamchukua kabla hajafungua mdomo. Walinzi walitangaza kwamba watachagua Jumamosi. Siku ya mjomba ilikuwa Alhamisi. Nilihesabu nikaona kuna nafasi ya kutosha ya bukari kushuka, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilipata usingizi mzuri.

Alhamisi tulisonga bukari tangu asubuhi, mimi na mke wa mjomba, kwa unga wa Kaniama. Yeye hakupunguza. Alikuwa bado na ule uchungu, akaipandisha na kuipandisha mpaka sikuweza kuifunika. Kulikuwa na kuku mzima, na sombe, na jagi la munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, mtamu, mzito. Bosco alikuja na shati jeupe la misa. Akanawa. Firigisi, ambayo kwetu hupewa mwanaume mwenye heshima, mjomba aliichukua kwa mkono wake mwenyewe akamwekea mbele, na Bosco akaila kwanza. Kisha akaishukia ile bukari. Nilikuwa nimemfundisha kukata matonge madogo, kuzungumza katikati, kumwachia mzee mmoja upande, maana wazee wakiona nia ni njema wanasaidia, na nilimwona mzee wa kofia akinyoosha mkono ili amsaidie. Bosco akamsogezea nyama. Bukari akaila peke yake, tonge baada ya tonge, ngozi ya kuku na yote, akanywa munkoyo, akafuta sahani kwa kidole. Mjomba alikuwa akitazama mkono wake tu, kwenda na kurudi. Mwishoni mke wa mjomba alipiga vigelegele, na Bosco akasimama, jasho limelowesha shati, akaaga upesi kupita adabu, akapanda baiskeli na kwenda. Nilikasirika. Nani aliyemwambia amalize mpaka ukoko, na nani humaliza kisha akakimbia kama mwizi?

Jioni alirudi kwa Tantini akitembea, anasukuma baiskeli, shati limechafuka. Walinzi walikuwa wameleta siku yao mbele, lori lao lilikuwa linarudi Kolwezi mapema. “Banaambia minyi kwa njia,” akasema, “vile nilitoka kwa mujomba.” Walimpima vyuma, akawashinda wote. Kisha wakamwambia akimbie. Karibu na goli la upande wa stesheni aliinama akatapika bukari yote, munkoyo wote, akajaribu kuendelea, akaanguka magotini. Yule wa kuchagua alikwisha kuita mwingine. Niliposikia, sikumpa hata maji. Nilimwita mlafi. Nilimwambia mwaka mzima wa moto na moshi wangu ameutapika kwenye uwanja wa mpira, na kwamba mtu mwenye akili angekula nusu. Alikaa kwenye kiti chenye mgongo na kunisikiliza mpaka nikachoka.

Alinioa, kama mjomba alivyoahidi. Alipakia magunia ya mahindi stesheni, miaka na miaka, kisha akajenga lile banda la vyuma. Hatukuwa na nyumba ya Kolwezi, wala mshahara wa Kolwezi, na kila tulipokosa kitu nilimkumbusha. Watoto walikua wakilijua neno hilo. Paa likivuja, nilisema mlafi. Ada ya shule ikichelewa, mlafi. Wageni wakija, niliwasimulia, nikamwigiza akifuta sahani kwa kidole, watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Alikuwa na jibu moja tu: “Lakini bukari ilikuwa mutamu, Bea.” Na hilo jibu, sijui niseme nini, lilikuwa likinipandisha hasira zaidi ya njaa yenyewe.

Siku ya tatu ya kilio, Sajenti alikuja kutoka Base nyuma ya moto-teksi. Amekuwa mzee, ile shingo imebaki ngozi. Aliketi karibu na mkeka wangu. Vijana walikuwa wanarudia yale yale ya wivu wa watu wa Kolwezi, nikashindwa kuvumilia, nikamwambia kwa sauti awaeleze, yeye anayejua, kwamba hapakuwa na wivu wowote, kwamba Bosco alikula kama mtu wa kichwa maji bila kujua kwamba wanamngoja uwanjani.

Sajenti akaniangalia. “Alijua, mama,” akasema.

Nikamwuliza alijua nini.

“Bale bantu ya Kolwezi balikuya kwangu, balitaka niwapatie vyuma yangu juu ya kupima bantu. Ilikuwa Mercredi, ile Jumatano, mangaribi. Minyi njo nilienda kumuambia Bosco: kesho, nyuma ya saa sita, haina tena Jumamosi. Nikamuambia, uombe mujomba asukume siku. Akasema, ‘Nikiomba tena, Bea anaenda Kaniama.’ Nikamuambia basi, ukule kidogo. Akasema, ‘Bataangalia mukono yangu.’”

Nikauliza kwa nini hakuniambia mimi.

“Ungejua, ungeenda kulia kwa mujomba. Alisema vile.”

Ndivyo ningefanya. Ningekimbia usiku ule ule, ningepiga magoti, na mjomba angetuma mtu Kaniama kabla ya asubuhi. Bosco alinijua. Aliketi pale akijua uwanja unamngoja, akala kila tonge mbele ya wazee, kisha akanyamaza miaka yote niliyokuwa nikimwita mlafi mbele ya watoto wake. Nilitaka kumgombeza. Nilitaka asimame mbele yangu anieleze ni mtu gani anayeacha mke wake aseme upuuzi ule maisha mazima na kucheka tu. Hasira ilinijaa, na mtu pekee niliyekuwa na haki ya kumtolea tulikuwa tumemzika juzi.